Jicho la Kushoto, Jicho la Kulia

Nina kope za mama: saa nne asubuhi zinang'aa
kama sufuria ya pilau iliyooshwa kwa maji baridi.
Zambarau, shaba, hata ile kahawia ya adabu ya kwendea kazini,
rangi yoyote nikiipaka inaserereka,
inajikusanya mkunjoni, mstari mmoja mnene,
kama uchafu wa kola.

Na kazi yangu, ucheke ukitaka, ni kuuza rangi za nyumba,
Barabara ya Enterprise, kaunta ya pili.
Wateja huniuliza ipi haitabanduka.
Nawajibu kwa uhakika
huku yangu machoni inabanduka.

Basi Februari, mabati ya duka yakilia kwa joto,
nikaanza majaribio: jicho hili kitu hiki, jicho lile kitu kile,
matokeo nyuma ya kitabu cha risiti.

Jumatatu. Kushoto, praima ya kichupa kutoka Dubois,
elfu moja mia tatu, muuzaji aliapa kwa uhai wa bintiye.
Kulia, konsila yangu ya kawaida, poda juu.
Saa tano la kulia limepasuka kama kidimbwi kilichokauka.
La kushoto limesimama. Saa nane, limesimama.
Saa tisa na nusu, mkunjo.
Mwembamba, lakini mkunjo.
Namwombea binti wa watu.

Jumanne nikafungua kikopo alichonitumia Mumbe kutoka Doha,
kinanata kama ulimbo.
Rangi ilikolea mpaka nikajiogopa.
Vumbi la saruji nalo likakolea.

Jumatano, mafuta ya midomo. Tusiyazungumze.

Alhamisi ute wa mshubiri, ushauri wa jirani.
Ulizivuta kope juu, nikashinda kama mtu aliyeshtuka;
wateja watatu waliniomba radhi bila kosa.
Ndipo akaingia Odenyo, fundi, kuchukua ndoo mbili za nyeupe.
Akanitazama kama anavyotazama dari.
"Macho yako hayalingani."
Nikangoja utani. Haukuja.
"La kushoto umeanzia na nini?"
Praima, nikasema, ya kope, ya bei.
"Uliosha ukuta?"
"Ukuta gani?"
"Jiko la watu, miaka kumi wanakaanga mandazi,
ukija na praima yako juu ya yale mafuta,
haikushika ukuta hiyo. Imeshika mafuta.
Sugua kwanza. Kausha.
Halafu paka nyembamba, nyembamba kuliko roho inavyotaka,
halafu toka hapo, nenda ukanywe chai, usiguse."
Akabeba ndoo zake. Risiti hakuitaka.

Ijumaa, kabla ya alfajiri, pamba yenye dawa ya kukata mafuta,
pole pole, kope moja, kope ya pili.
Kile kichupa cha Dubois, nusu punje ya mchele kila upande.
Nikafumba macho nikatulia,
redio ikisoma bei mpya za mafuta hadi mwisho.
Kisha shaba.

Saa nne. Saa sita. Saa tisa.
Saa kumi na moja nilijitazama kwenye kifuniko cha ndoo:
shaba ipo, pale pale nilipoiacha,
na mimi nimechoka kuliko rangi yangu.

Usiku mama akapiga simu ya video kutoka Nyamira,
kope zake zikimeremeta kwa taa ya jikoni.
"Hiyo rangi umepaka saa ngapi?"
"Asubuhi."
"Na imekaa?"
"Imekaa, mama."
Akanyamaza, akasogeza uso karibu na kioo.
"Mimi haikunikalia hata siku moja.
Hata harusini. Ndiyo sababu picha zote nimeinama."

Zile picha za sebuleni, kichwa chini, macho chini.
Miaka yote hii nilidhani ni haya.

Nyuma ya kitabu cha risiti, chini ya Ijumaa:
vichupa viwili. Kimoja cha Nyamira.
Na pamba.